Siku moja kusini mwa Unguja: kuipanga pamoja na dereva

Anayeitazama ramani ya Unguja akiwa bara huona kisiwa kidogo, na hesabu ya kwanza inayomjia ni kwamba gari moja na siku moja vinatosha kukizunguka chote. Kutoka Nungwi kaskazini hadi Makunduchi kusini ni takriban kilomita 85 tu kwa mstari ulionyooka, umbali ambao mtu aliyezoea njia ya Dar es Salaam hadi Moshi hauhesabu kuwa ni safari. Ndiyo maana madereva wa huku hupokea maombi yanayofanana: alfajiri Kizimkazi kwa pomboo, kisha Jozani kwa kima punju, kisha shamba la viungo Kizimbani, kisha Nungwi kuogelea na kulitazama jua likizama. Mpango huo unatekelezeka, na wapo wanaoutekeleza, lakini anayeufuata humaliza sehemu kubwa ya mchana wake ndani ya gari, na kila anaposhuka huwa amefika kwa saa isiyopafaa mahali pale.

Mwezi wa kwanza niliwapokea wazazi wangu kutoka Moshi, na kwa kuwa nafanya kazi mjini Unguja, jukumu la kuwaandalia siku ya matembezi lilikuwa langu. Baba ni mwalimu mstaafu wa historia aliyewafundisha watoto habari za miji ya kale ya pwani kwa miaka mingi bila kuuona hata mmoja, na ombi lake lilikuwa msikiti wa Kizimkazi Dimbani. Mama hakuwa na orodha ya mahali. Alitaka kuikaribia bahari kwa miguu yake mwenyewe, bila kupanda chombo, na magoti yake hayamruhusu kutembea mwendo mrefu wala kupanda ngazi nyingi. Matakwa yao mawili yakanionyesha upande wa kuelekea, yaani kusini na kusini-mashariki, na tangu hapo Nungwi na Kizimbani vikatoka katika hesabu. Mji Mkongwe nao ulitoka, kwa sababu vichochoro vyake havipitiki kwa gari na unastahili siku yake ya miguu. Kumlipa dereva wa siku nzima ili asubiri Darajani wakati wageni wake wanazunguka Shangani na Mkunazini ni kutupa fedha.

Baada ya upande wa kisiwa kupatikana, kilichobaki kuipanga siku ile kilikuwa maji ya bahari. Pwani ya mashariki ya Unguja ina bahari ya kina kifupi iliyozingirwa na mwamba wa matumbawe, na maji yanapokupwa hurudi nyuma mbali sana, kiasi kwamba mahali palipokuwa na mawimbi huwa mchanga mtupu wenye vidimbwi. Mgeni asiyejua hufika Paje na nguo zake za kuogelea akaikuta bahari iko kwenye upeo wa macho. Mwingine hufika Jambiani akitaka kuyaona mashamba ya mwani akakuta yamefunikwa na maji, hana cha kuona ila rangi nzuri ya bahari, ambayo angeiona hata kutoka hotelini kwake.

Kanuni yenyewe watoto wa wavuvi huijua kabla hawajaanza shule. Kwa kawaida maji hujaa mara mbili na kukupwa mara mbili kwa usiku na mchana, na nyakati hizo husogea mbele kwa takriban dakika 50 kila siku. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huwa bamvua, yaani maji hujaa sana na kukupwa sana, na hapa Unguja tofauti kati ya kujaa na kukupwa inaweza kufikia karibu mita nne. Siku za bamvua maji hukupwa kabisa karibu na saa nne asubuhi na kujaa karibu na saa kumi alasiri. Wiki moja baadaye, mwezi ukiwa nusu, huwa maji mafu, ambayo hayapandi sana wala hayashuki sana, na nyakati zake huwa zimegeuka, hivyo saa nne asubuhi ndipo yanapokaribia kujaa. Mwenye kalenda ya ukutani inayoonyesha mwezi mwandamo anaweza kukisia hali ya pwani kabla hajafungua jedwali la maji kwenye simu: tarehe za mwanzo wa mwezi na zile za baada ya kumi na tano ni za bamvua, na zile za karibu na nane na ishirini na mbili ni za maji mafu. Makisio hayo yanatosha kuchagua siku. Kwa saa kamili ni vyema kulisoma jedwali, au kumuuliza mtu ambaye kazi yake inategemea maji.

Mtu huyo kwangu alikuwa dereva mwenyewe. Nilielekezwa kwake na jirani, mtu mzima mwenyeji wa Makunduchi, aliyeendesha daladala kwa muda mrefu kabla ya kununua gari lake aina ya Noah, na nilimpigia siku kadhaa kabla ya wazazi kuwasili. Baada ya shikamoo na kuulizana hali sikuanza na bei. Nilimweleza ni akina nani wanaokuja, umri wao, magoti ya mama, na ule msikiti ambao baba alikuwa akiutamani, kisha nikamuuliza yeye angeipanga vipi siku hiyo. Aliuliza tarehe, akanyamaza kidogo akihesabu.

"Siku hiyo mwezi utakuwa kumi na saba, mwanangu," alisema. "Maji yatakuwa yametoka kabisa saa tano. Tukianza Kizimkazi, tutafika Jambiani mchana maji yanarudi, na mama hataona kitu. Tuanze msituni, kisha Jambiani, na msikiti tuuweke baina ya adhuhuri na alasiri, watu wakiwa wameshatawanyika."

Ratiba yote ilikuwa imekwisha kupangwa kwa maneno hayo, na ilipangwa vizuri kuliko ambavyo ningeweza kuipanga kwa kukaa na simu usiku kucha. Ninalisisitiza jambo hili kwa sababu naona watu wengi, hata sisi Waswahili wenyewe, tukimchukulia dereva kama mkono wa usukani tu: tunamtumia majina ya mahali, tunamuuliza kiasi gani, tunapatana. Mtu aliyezaliwa shamba, yaani nje ya mji, anayejua ni saa ngapi wanawake wanashuka pwani na ni saa ngapi msikiti unakuwa mtupu, ana elimu ambayo hailipiwi zaidi hata shilingi moja endapo utamuuliza mapema na kumpa nafasi ya kujibu.

Tuliondoka mjini saa moja asubuhi. Njia ya kusini-mashariki hupita Tunguu na ile sehemu inayojulikana kwa miembe ya Bi Khole, binti wa Sultani Sayyid Said, na kwa mwendo wa chini ya saa moja hufikisha wageni Jozani, takriban kilomita 35 kutoka mjini. Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka ilitangazwa mwaka 2004, na ina eneo la takriban kilomita za mraba 50. Watu wengi huijia kwa ajili ya kima punju, mnyama ambaye makazi yake ya asili duniani ni Unguja na visiwa vidogo vilivyo jirani nayo. Asubuhi ndio wakati wa kumtazama, kwa sababu jua likishakuwa kali hupumzika kwenye matawi na kuwa fungu la manyoya mekundu lisilotikisika. Tulimkuta mmoja jike na mtoto wake, kwenye tawi lililo chini kuliko kimo cha baba, akichagua majani machanga moja moja, analivuta tawi kwa vidole vinne, maana kima hawa hawana kidole gumba cha kushikia, anauma ncha ya jani na kuacha sehemu iliyokomaa. Tumbo lake limeumbwa kwa majani na matunda mabichi, hivyo ndizi ya mgeni humdhuru. Mwongozaji wa hifadhi aliwaambia wazazi kwamba kima hao hula pia vipande vya makaa kutoka kwenye matanuri na majiko ya wanakijiji, jambo ambalo watafiti wamelieleza kuwa huwasaidia dhidi ya sumu zilizomo kwenye baadhi ya majani.

Njia za msituni ni tambarare, na daraja la mbao linalopita juu ya mikoko upande wa Pete halina ngazi za kumchosha mtu mzima. Mama alilimaliza lote akiwa amelishika bega la baba. Maji yalikuwa yanatoka, mizizi ya mikoko imesimama wazi juu ya tope na kaa wanakimbia kuingia mashimoni. Kwa anayefika maji yakiwa yamejaa, daraja lilelile huonyesha samaki wadogo na matawi yaliyoinama juu ya maji, na kwa maoni yangu hali zote mbili zinafaa. Kiingilio cha raia na cha mgeni wa nje havilingani, kwa hiyo kitambulisho cha taifa ni kitu cha kubeba hata na mtu anayedhani uso wake na Kiswahili chake vinatosha. Baada ya hapo, barabarani karibu na lango, dereva alipunguza mwendo kwenye matuta na kueleza kwamba yamewekwa kwa ajili ya kima, waliokuwa wakigongwa na magari wanapovuka.

Kwenye njia panda ya Kitogani tulishika upande wa Paje, kisha tukateremka Jambiani. Ilikuwa saa nne na nusu. Bahari ilikuwa bado inatoka, na wanawake walikuwa wametapakaa kwenye mchanga wenye unyevu hadi mbali, vitenge na kanga zao zimefungwa magotini. Kilimo cha mwani kwa ajili ya biashara kilianza katika pwani hii mwaka 1989, na kwa sehemu kubwa ni kazi ya wanawake: vijiti huchomekwa mchangani kwa safu, kamba hufungwa kutoka kijiti hadi kijiti, na vipande vya mwani huning'inizwa kwenye kamba hizo vikue ndani ya maji. Siku za bamvua ndizo siku zao za kazi kubwa, kwa sababu ndizo zinazowapa saa kadhaa za kusimama shambani, na maji yakirudi kazi imekwisha, hata kama kamba ya mwisho haijafungwa.

Dereva alitangulia kuzungumza na mama mmoja aliyemfahamu, akaomba ruhusa, na baada ya kukubaliwa akatuita. Ninapenda ifanyike hivyo daima. Shamba la mwani ni mahali pa kazi la mtu, na kusimama juu ya kamba zake na kupiga picha bila salamu ni utovu wa adabu. Mwenye shamba alimkaribisha mama yangu, akamkalisha juu ya ndoo iliyofudikizwa, akampa mkononi kipande cha mwani kilicho kama tawi dogo lenye utelezi, rangi ya kahawia iliyoingiliana na kijani. Alimwonyesha namna ya kukizungushia uzi bila kukikaza, kwa kuwa uzi ukikaza mwani hukatika mawimbi yanapokuja, na ukilegea huchukuliwa na maji. Mama, ambaye ameshona maisha yake yote, alilifunga fundo la kwanza likakubaliwa, akaendelea kufunga hadi maji yalipoanza kumfikia miguuni. Walizungumza bei ya kilo moja ya mwani mkavu, na namna ule mwani wenye bei nzuri zaidi, wanaouita kotonii, unavyokufa sasa bahari inapopata joto, na mama akawa anauliza maswali ya mkulima kwa mkulima, ya mbegu na ya magonjwa. Muda tulioutenga pale ulipita, na dereva hakuangalia saa. Tulimwachia mwenyeji wetu kitu kidogo kwa muda wake, na tukanunua sabuni za mwani kwa jirani yake.

Kwa matembezi ya aina hii viatu ni jambo la lazima, kwa sababu ndani ya vidimbwi wamo wale viumbe weusi wa miiba, na mwiba wake ukivunjikia unyayoni siku imeharibika. Yeboyebo zinatosha. Kofia au mtandio, maji ya kunywa na nguo moja ya kubadili vikae ndani ya gari.

Chakula cha mchana tulikila Jambiani, wali na samaki wa kupaka, katika mgahawa ambao dereva aliupigia simu tangu tukiwa Jozani. Migahawa midogo ya pwani hupika baada ya mgeni kuagiza, na asiyepiga simu mapema husubiri saa nzima na zaidi. Dereva alikula mezani pamoja nasi, kisha akaenda kuswali adhuhuri. Ingekuwa Ijumaa tungempa muda mrefu zaidi na tungeipanga siku nzima kuuzunguka muda huo, na ingekuwa Ramadhani tungebeba chakula cha mama, anayetumia dawa, na kumtafutia mahali pa faragha pa kula.

Kutoka Jambiani tuliambaa kusini hadi Makunduchi, kijiji kinachosherehekea Mwaka Kogwa, sikukuu ya mwaka mpya wa jadi, kila mwezi wa saba, na kutoka hapo tukaingia Kizimkazi Dimbani. Msikiti wenyewe hauonyeshi umri wake kwa nje. Una kuta nyeupe na paa la bati, na mtu anaweza kuupita akidhani ni msikiti wowote wa kijiji. Msimamizi alifungua mlango, tukavua viatu, mama akajitanda vizuri, na baba akaongozwa hadi ukuta wa kibla. Pale, kando ya mihrabu, yamechongwa kwenye jiwe la matumbawe maandishi ya Kikufi, mwandiko wa kale wa Kiarabu, yenye mwaka 500 wa Hijria, sawa na mwaka 1107. Jengo lilijengwa upya katika karne ya 18, lakini maandishi yakabaki mahali pake, na waumini wameendelea kuswali mbele yake. Baba alisimama karibu kabisa bila kuligusa jiwe, miwani ameipandisha kwenye paji la uso, akifuata kwa macho jinsi herufi zinavyopanda na kusokotana juu ya mstari. Aliniambia kwa sauti ya chini kwamba darasani alikuwa akiandika mwaka huo ubaoni na wanafunzi wakiunakili, na kwamba yeye mwenyewe hakuwahi kufikiri maandishi yenyewe ni membamba kiasi kile. Tulikaa hadi wazee wa kwanza walipoanza kufika kwa ajili ya alasiri, tukatia sadaka kwenye kisanduku, tukatoka.

Safari ya pomboo, ambayo ndiyo huwaleta wageni wengi Kizimkazi, niliiacha kwa makusudi, na ningeiacha hata kama mama angeweza kupanda boti. Nimewahi kuona mashua nyingi zikilizunguka kundi moja la pomboo, injini zinanguruma na watu wanarukia maji mbele yao, na sioni furaha ndani yake. Anayetaka kwenda amtafute nahodha anayekubali kukaa mbali na kuzima injini, na akumbuke kwamba wakati wa kusi, yaani upepo wa kusini, hasa kuanzia mwezi wa sita hadi wa nane, bahari ya upande huu inaweza kuwa na mawimbi makubwa.

Kuhusu fedha, nashauri makubaliano yote yaandikwe kwa ujumbe wa simu kabla ya siku yenyewe, si kwa sababu ya kutoaminiana, bali ili kila mmoja alale akiwa na hesabu ileile. Sisi tuliandika saa ya kuondoka na ya kurudi, mahali pa kupita, kwamba bei inajumuisha mafuta na muda wa kusubiri, kwamba viingilio na chakula, pamoja na chakula chake, ni juu yetu, na kwamba saa za ziada zitalipwa kiasi gani. Nilimtumia sehemu ya malipo jioni ya kuamkia safari kwa ajili ya mafuta. Nilimweleza pia waziwazi kwamba hatutahitaji kupelekwa kwenye maduka ya vinyago. Madereva wengi hupata kamisheni huko, na ni riziki yao, kwa hiyo ni haki kulitaja jambo hilo wakati wa kupatana bei ili aweke kiwango kinachomtosha, badala ya kumnunia akiegesha gari mlangoni mwa duka. Vilevile nilimuuliza kuhusu leseni, bima na kibali cha kubeba abiria, kwa kuwa polisi husimamisha magari mara kwa mara katika njia za shamba. Na kwa anayemtaka dereva awe pia mwongozaji, huyo anapaswa kuwa na kitambulisho cha Kamisheni ya Utalii Zanzibar.

Tulibaki Kizimkazi hadi magharibi, kwa sababu pwani yake inatazama upande wa machweo, jambo ambalo Paje na Jambiani hazina. Jua huzama kati ya saa kumi na mbili na robo na saa moja kasoro robo, kutegemea mwezi wa mwaka, na giza huingia haraka. Njia ya kurudi mjini kupitia Kitogani ina baiskeli zisizo na taa na ng'ombe wanaorudishwa zizini, na dereva wetu aliiendesha polepole. Ndani ya mpango wowote ni lazima uwepo muda huo wa kwenda polepole. Kwa wanaotoka Dar es Salaam sishauri hata kidogo kuifunga siku ya namna hii kwa boti ya kurudi alasiri, maana boti itawatoa Jambiani kabla hawajafika Kizimkazi. Walale usiku mmoja.

Anayekuja wakati wa masika, mwezi wa tatu hadi wa tano, aandae na njia ya pili isiyotegemea bahari. Mimi ningechagua magofu ya Dunga, makao ya Mwinyi Mkuu, mtawala wa jadi wa Unguja, yaliyojengwa katikati ya karne ya 19, kisha mashamba ya viungo ya Kizimbani na hamamu za Kidichi, yaani nyumba za kuogea, ambazo Sayyid Said alizijenga mwaka 1850 kwa ajili ya mkewe wa Kiajemi. Mahali pote patatu pako karibu na mji, na mvua ikizidi mtu hurudi nyumbani bila kupoteza safari. Uamuzi wa njia ipi ifuatwe ufanywe usiku wa kuamkia, pamoja na dereva. Wetu aliomba apewe jibu kabla ya saa tatu usiku, kwa sababu baada ya hapo huzima simu alale, na saa hiyo nayo tuliiandika kwenye ujumbe.